Masanduku mawili ya babu: nini cha kufanya kabla ya kuuza hata kitabu kimoja

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Ukerewe. Babu yetu alikuwa katekista na mwalimu wa shule ya misheni. Ameacha masanduku mawili ya bati yenye vitabu, madaftari aliyoandika kwa Kikerewe na Kiswahili, magazeti, barua na stakabadhi. Baadhi yamefanya ukungu. Kuna mtu wa mjini anataka kununua 'vile vya Wajerumani' peke yake. Nasikia ziko maktaba za vitabu adimu zinazotunza vitu kama hivi. Zinafanyaje kazi, na mimi nianzie wapi?"

Mwalimu, huyo mnunuzi mwambie asubiri. Bei yake huenda si mbaya. Tatizo ni kwamba anataka kutoa kipande kimoja katika kitu ambacho thamani yake yote iko katika kukaa pamoja. Kitabu cha Kijerumani kilichochapwa Berlin kinaweza kuwa na nakala mia kadhaa duniani. Kitabu hichohicho kikiwa na jina la babu ndani ya jalada, na maelezo yake ya penseli pembeni, na daftari alilonakilia sehemu zake kwa Kikerewe likiwa sanduku lilelile, hakina cha pili popote. Ukikitoa, kinarudi kuwa kitabu cha kawaida, na daftari nalo linabaki halina wa kulieleza.

Hapo ndipo kazi ya maktaba za vitabu adimu inapoanzia, kwa hiyo nieleze kwanza hizo ni maktaba za namna gani. Maktaba ya utafiti haiazimishi. Rafu zake hazifikiwi na msomaji. Unajiandikisha, unajaza fomu, unaletewa kitu kimoja au viwili mezani, unatumia penseli tu, na kitabu kinawekwa juu ya mto au sponji yenye umbo la V ili mgongo wake usivunjike. Mfano mashuhuri ni Newberry ya Chicago, Marekani. Walter Newberry alikufa mwaka 1868 akiwa safarini baharini, na wosia wake ukasema kwamba binti zake wakifa bila watoto, nusu ya mali yake ijenge maktaba ya watu wote. Ikaanzishwa 1887, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuingia kusoma bila malipo, ila kitabu hakitoki mlangoni. Sifa yake kubwa imetokana na mikusanyiko ya watu binafsi: mwaka 1911 mfanyabiashara Edward Ayer aliipa mkusanyiko wake juu ya wenyeji wa asili wa Amerika, nao ukatunzwa kwa jina lake, pamoja, bila kutawanywa kwenye rafu nyingine.

Kwetu utaratibu ni huohuo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki, na humo zimo karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii wa serikali ya kikoloni na aliyeandika sana juu ya sheria na mila za Wasukuma. Mtafiti wa Usukuma haendi kule kutafuta kitabu kimoja kizuri. Anaenda kwa sababu karatasi za mtu mmoja ziko mahali pamoja, kwa mpangilio unaoonyesha alivyofanya kazi. Mnunuzi wako atakivunja kitu cha aina hiyo.

Wala usidhani madaftari ya Kikerewe ni ya kifamilia tu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kuishi hapohapo kisiwani kwenu, alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Kiswahili chake, alichokitafsiri mwenyewe, kilitoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa miaka 35 kazi ile ilikuwa mswada tu. Sisemi babu yako aliandika riwaya. Nasema kwamba lugha yenye maandishi machache hivyo haina daftari la kutupa, hata likiwa la mahubiri, la methali, au la majina ya samaki na miti.

Sasa kazi. Usianze kwa kupanga. Anza kwa kupiga picha sanduku lilivyo. Fungua kifuniko, piga picha kutoka juu, toa tabaka la kwanza, piga tena, mpaka chini. Mpangilio ule ni ushahidi. Barua iliyokutwa ndani ya kitabu cha sala inaeleza kitu. Ukishaichanganya na barua nyingine haielezi tena. Kila karatasi iliyo ndani ya kitabu andika imetoka ukurasa gani kabla hujaitoa. Chukua daftari jipya uandike pia historia ya masanduku yenyewe: babu alifundisha wapi na miaka ipi, masanduku yalikaa kwa nani baada yake, nani aliongeza au kutoa kitu. Wiki hiihii waulize wazee waliobaki. Maelezo hayo hayawezi kupatikana katika maktaba yoyote, na ndiyo ya kwanza mkutubi atakayouliza.

Ukungu usiusubirishe. Ukungu huota hewa inapozidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na kandokando ya ziwa kiwango hicho hufikiwa usiku mwingi wa masika. Sanduku la bati ni zuri kwa kuzuia mchwa na mende, lakini lina kosa moja: mchana linapata joto chini ya paa la mabati, usiku linapoa, na unyevu uliokuwa hewani unageuka matone ndani ya kifuniko. Ndiyo maana vitabu vya juu na vile vilivyogusa ubavu wa bati mara nyingi ndivyo vyenye madoa.

Tofautisha ukungu ulio hai na uliolala. Ulio hai una unyevunyevu na ukiugusa kwa ncha ya kijiti unapaka. Uliolala ni vumbi kavu. Ulio hai usiupanguse, maana utausukuma ndani ya karatasi. Vitenganishe vitabu hivyo na vingine, viweke barazani penye kivuli na upepo, vikiwa vimesimama na kurasa zimeachana kidogo kama feni, siku mbili tatu mpaka vikauke kabisa. Jua la moja kwa moja usilitumie hata kidogo: linapinda majalada na kufifisha wino. Vikikauka, vaa barakoa nzito ile ya N95, kaa nje upepo ukikutoka mgongoni, shika kitabu kikiwa kimefungwa, na kwa brashi mpya laini ya rangi, ya inchi 2, piga vumbi kutoka mgongo wa kitabu kwenda nje. Anza na ukingo wa juu. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Jiki, spiriti, mafuta ya taa na kitambaa chenye maji vikae mbali. Hasa maji: madaftari ya zamani mara nyingi yaliandikwa kwa wino wa kuchovya ambao huchuja, au kwa penseli ya kopi inayoonekana kijivu ikiwa kavu na kugeuka zambarau inapopata unyevu. Tone moja tu, na ukurasa umekwenda.

Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga mpya unaodondoka, hao ni bungua na bado wanakula. Matundu bila unga ni ya zamani. Njia salama ni baridi. Funga kitabu kikavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziba, weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mifuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya karatasi. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya, kwa sababu wadudu wanaopoa polepole na kupata joto tena huzoea. Friza ya sangara haifai: ina maji na harufu ambayo karatasi hainyang'anywi tena. Ujue pia kwamba baridi inaua wadudu, haiui ukungu, inausimamisha tu.

Vidonge vya nondo ni sumu kwa wanaolala chumba hicho, na mvuke wake unaingia katika karatasi. Majani ya mwarobaini si mabaya yakiwa makavu ndani ya kifuko cha kitambaa nje ya vitabu, ila yakipukutika kati ya kurasa yanaacha madoa na kuwa chakula cha wadudu haohao.

Halafu ndiyo unakaa mezani kutambua ulicho nacho. Watu wengi hudhani kitabu adimu ni kitabu kizee. Vitabu vya wasafiri Wazungu waliopita ziwani karne ya 19 vilichapwa kwa wingi na vipo katika maktaba nyingi za Ulaya. Kijitabu cha kurasa 16 cha chama cha ushirika wa pamba cha miaka ya 1950, kilichotolewa bure kwa wakulima na kufungiwa karanga mwaka uliofuata, huenda kimebaki kimoja. Stakabadhi za pamba, ratiba za meli, vyeti vya shule, kalenda za misheni: vyote vihesabiwe.

Kama kitabu hakina mwaka, kina alama nyingine. Jina la mji likiandikwa "Muansa", ni la zama za Wajerumani, ambao Waingereza waliwatoa Mwanza Julai 1916. Bei ikiwa kwa rupia na pesa, 64 kwa rupia moja, ni kabla ya 1904. Ikiwa kwa rupia na heller, 100 kwa rupia, ni baada ya hapo. Shilingi ya Afrika Mashariki inaanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na shilingi ya Tanzania mwaka 1966. "Tanganyika Territory" ni kuanzia 1920. "Tanzania" haiwezi kuwa kabla ya 1964. Tahajia nayo inasema: Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930, kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kila mahali kwa namna yake, mara yameunganishwa mara yametenganishwa, yanakuelekeza nyuma ya hapo, ingawa misheni nyingine ziliendelea na tahajia yao miaka mingi. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inayoanza na 9976 au 9987 ni kitabu cha Tanzania cha miaka ya karibuni, hata kama jalada limechakaa sana.

Kisha hakikisha kimekamilika. Kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo huanguka kwanza, na ndizo zenye jina la mchapaji. Tazama chini ya kurasa: vitabu vingi vya zamani vina herufi au namba ndogo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, ili mfungaji asikosee mpangilio. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa karatasi 8, yaani kurasa 16, basi utakuta B, halafu baada ya kurasa 16 C, halafu D. Ukitoka B ukaangukia D, mkunjo mzima umepotea. Usishtuke J na W zikikosekana, na mojawapo ya U na V: wachapaji wa Uingereza walifuata alfabeti ya zamani ya herufi 23.

Kwa kila kitu andika mstari mmoja: namba, mwandishi, jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina (si kwenye jalada, mara nyingi yanatofautiana), mahali, mchapaji, mwaka au alama zilizokufanya ukisie mwaka, idadi ya kurasa, urefu wa kitabu kwa sentimita ukipandisha hadi sentimita nzima, hali yake, na maandishi yoyote ya mkono yaliyomo. Hilo la mwisho ndilo wengi husahau, na kwa masanduku yako ndilo muhimu kuliko mengine yote. Namba iandike kwa penseli laini kwenye kona ya ndani ya jalada la nyuma. Peni hapana, stika hapana.

Mikono iwe safi na mikavu. Glovu za pamba huonekana za kitaalamu kwenye picha, lakini zinapunguza hisia ya vidole na ndivyo kurasa zinavyochanika. Zihifadhi kwa ajili ya picha za zamani tu.

Kuhusu kutengeneza, ushauri wangu ni mfupi: usitengeneze. Selotepu inaacha gundi ya kahawia isiyotoka. Laminesheni inapika karatasi kwa joto na kuifunga milele ndani ya plastiki. Stepla na pini zinashika kutu. Zilizopo zitoe taratibu kama zinatoka bila kulazimishwa. Fundi wa maktaba hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu siku yoyote inaweza kulowekwa kidogo ikatoka. Kanuni yao ni kwamba hakifanywi kitu kisichoweza kutenguliwa. Wewe kitabu kilichoachana kifunge kwa ukanda wa pamba, fundo likae upande wa kurasa. Magazeti yana shida yake ya ndani: karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ina asidi, inageuka manjano na kukatika hata ikitunzwa vyema. Kama yamo matoleo ya Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, yalaze bapa bila kuyakunja upya, na yawe ya kwanza kupigwa picha.

Wakati ukiamua la kufanya, masanduku yanaweza kuendelea kutumika. Yasafishe kutu, tandika ndani kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kwa maji matupu, yainue angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na uyaache mbali kidogo na ukuta wa nje, ili mchwa wakipanda uone njia yao. Vitabu vikubwa vilale chini, vidogo juu, visibanwe. Kipima unyevu kidogo cha betri ni kifaa ninachokisihi sana ununue; bila hicho unabahatisha. Lenga asilimia 35 hadi 55, na ukishindwa, angalau isipite 60. Silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, inasaidia: kwa sanduku la kawaida la shule, nusu kilo ndani ya kifuko cha kitambaa, ukiikausha tena kwenye oveni inapojaa. Usiimwage nyingi bila kipimo, maana karatasi iliyokauka kupita kiasi inavunjika. Siku kavu, alasiri, fungua vifuniko saa moja.

Picha za simu zinatosha kwa nakala ya kazi, na hesabu yake ni hii. Kipimo cha kawaida ni nukta 300 kwa inchi. Daftari la shule likifunguliwa lina upana wa sentimita 32 hivi na urefu wa 20, yaani nukta 3,780 kwa 2,360. Kamera ya megapikseli 12 inatoa 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo kurasa mbili zinaenea picha moja, ilimradi daftari lijaze fremu. Piga barazani kwenye kivuli, simu iwe sambamba na ukurasa juu ya stendi au rundo la vitabu pande mbili, rula ionekane pembeni, na mwanga wa kamera uzimwe. Piga hata kurasa tupu na majalada. Daftari la kurasa 96 litachukua kama megabaiti 200. Ipe kila picha jina linaloeleweka, mfano S1-004-017: sanduku la 1, kitu cha 4, picha ya 17. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, kwa sababu ikienda kama picha inapunguzwa ubora na huwezi kuirudisha.

Yapo mambo matatu ya haki. Rejista za ubatizo au ndoa zikikutwa humo ni za parokia, zirudishwe huko. Mafaili yenye mhuri wa Boma au ofisi ya serikali ni kumbukumbu za umma, na wa kuuliza ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Maandishi ya babu mwenyewe yana hakimiliki ya warithi: kwa sheria yetu ya 1999, inadumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kumpa mtu daftari hakumpi haki ya kulichapisha, mpaka muandike hivyo.

Sasa wapi pa kupeleka. Maktaba ya Mkoa Mwanza ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Nyegezi. Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa. Na Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu na Nyaraka za Taifa. Usichague kwa ukubwa wa jina. Nenda na orodha yako, bila masanduku, uulize: mkusanyiko utakaa pamoja kwa jina la babu, au utatawanywa? Chumba kina kipimo cha unyevu, na nani anakisoma? Umeme ukikatika inakuwaje? Nani ataruhusiwa kusoma, na mtu wa Ukerewe atalipa? Mtatupa nakala ya kila mtakachokipiga picha? Vinavyofanana na mlivyonavyo mtavirudisha au mtaviuza? Mkutubi mzuri anayafurahia maswali hayo. Upo pia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, unaogharimia kupiga picha huku nakala asili zikibaki nchini. Maombi hupelekwa na taasisi au mtafiti, hivyo chuo kinaweza kuomba kwa niaba yenu.

Mnaweza kutoa zawadi moja kwa moja, au kuweka amana kwa muda huku ukoo ukibaki mmiliki. Kwa ukoo ambao bado haujakaa ukakubaliana, amana ya miaka 5 ni ya busara zaidi. Kama madaftari yana habari za magonjwa, ugomvi au ndoa za watu ambao watoto wao wako hai, andikeni kwamba hayo yafungwe mpaka mwaka fulani.

Siku ya kuvuka, kila kitabu kifungwe kwa karatasi safi, sanduku liingie ndani ya turubai kwa ajili ya mawimbi na mvua, likae ndani ya kivuko na si sitahani, na mtu wa ukoo akae nalo. Mkifika ng'ambo turubai litolewe siku hiyohiyo. Orodha isainiwe nakala mbili, namba kwa namba, kabla ya mtu yeyote kuondoka chumbani.